Njano ya Kaka Yangu

Kiwanda chetu cha uchapaji kiko Mapinga, kando ya barabara ya kwenda Bagamoyo, nyuma ya duka la mabati. Ni chumba kimoja kirefu. Ndani mna mashine kubwa ya kuchapia, mashine ya kukatia karatasi, na kijichumba cha kioo ambamo nakaa mimi na kompyuta na printa ndogo ya wino. Mashine kubwa iliendeshwa na kaka yangu kwa miaka kumi na minne. Mimi nilimfuata baadaye, na yeye ndiye aliyeniombea kazi. Nilikuwa nimeishia kidato cha pili na sikuwa na ujuzi wowote. Alimwambia bosi kwamba mdogo wake ana macho mazuri. Hilo ndilo lililoniingiza.

Mteja akileta kazi, hatuwezi kuwasha mashine kubwa ili aone karatasi moja tu. Kutengeneza pleti, yale mabati ya kuchapia, na kuweka wino huchukua nusu siku. Kwa hiyo namtolea karatasi ya mfano kwa printa ndogo, ambayo sisi tunaiita prufu. Anaitazama, akiridhika anasaini pembeni, na sahihi ile ni ahadi kwamba kitakachotoka kwenye mashine kubwa kitafanana na alichokisaini. Lakini printa na mashine hazitumii wino wa aina moja wala hazichapi kwa namna moja. Zikiachwa hivi hivi, bluu ya huku ni zambarau kule. Kazi yangu ni kuzilinganisha.

Tunalinganisha hivi. Mashine kubwa inachapa karatasi yenye mamia ya vipande vidogo vya mraba, kila kimoja na rangi yake. Karatasi inalazwa mpaka kesho yake ikauke, maana wino mbichi unang'aa na kudanganya. Kisha napitisha kipima rangi juu ya kila mstari, kidude kama pasi ya mtoto wa kuchezea, na kompyuta inaandika namba. Kutokana na namba hizo linatengenezwa faili linaloiongoza printa ifanane na mashine.

Fundi aliyetoka Dar kuja kunifundisha alikaa siku tatu. Mengi nimeyasahau, lakini hili nililiandika kwenye daftari na bado ninalo. "Usipime kabla hujahakikisha mashine inachapa wino kwa kiwango," alisema. "Ukiipima ikiwa imepotoka, dada, utaifundisha printa upotofu huo huo. Zitafanana vizuri kabisa, na hakuna atakayejua."

Siku ya kupima sivai nguo ya rangi. Nguo nyekundu inatupa wekundu wake juu ya karatasi na jicho linapotea. Nilikuwa na dera moja la kijivu kwa ajili hiyo, na kila nikilivaa kaka alipata la kusema.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Leo tumefiwa na nani?"

"Leo napima rangi."

"Haya, poleni wafiwa. Chai iko wapi?"

Yeye mwenyewe hakukigusa kipima rangi. Alichomoa karatasi kwenye mashine, akaiinua chini ya taa nyeupe, akafumba jicho moja, kisha akageukia skrubu za wino, akazungusha hii kidogo na ile kidogo. Miaka yote ile karatasi zake zilifanana na prufu, na mimi nilizipima nikaona hivyo. "Hicho kidude chako kimezaliwa juzi," aliniambia. "Jicho langu limeanza kula wino wewe hujaota meno ya mbele."

Mwaka juzi, siku chache kabla ya Ramadhani, ustadhi wa madrasa moja ya mjini Bagamoyo alikuja kuchukua ratiba zake za futari. Zilikuwa na picha ya kuba la msikiti. Alifungua furushi, akatoa moja, akaiweka juu ya prufu aliyoisaini.

"Binti," akaniita. "Mimi nilisaini kijani cha kuba. Mmenipa kijani cha embe dodo."

Kaka alikuja akifuta mikono kwa kitambaa. "Ustadhi, kijani ni kile kile. Ni mwanga wa mlangoni huo."

"Twende ndani basi."

Tukaingia ndani, chini ya taa nyeupe. Kaka akaziweka karatasi mbili bega kwa bega, akazitazama muda mrefu. Nilikuwa nimesimama karibu naye na niliuona uso wake. Hakuwa anatetea kazi yake. Alikuwa anatafuta tofauti na haioni.

"Mbona ni moja," akasema.

Ustadhi alinigeukia mimi. "Na wewe unasemaje?"

Nikasema, "Zinakaribiana." Hazikukaribiana hata kidogo.

Kazi ilirudiwa. Bosi, ambaye si mtu wa kupiga kelele, alimwambia kaka mbele yangu kwamba ikitokea tena atatafuta mtu mwingine wa mashine. Kaka alicheka, akasema sawa bosi. Kisha akaenda kukaa kwenye ndoo iliyogeuzwa nyuma ya kiwanda, akabaki huko mpaka adhana ya alasiri.

Kesho yake nilipima karatasi za ile kazi iliyoharibika. Njano ilikuwa imezidi sana kuliko kiwango, na rangi nyingine tatu zilikuwa sawa. Nilizichukua zile namba, nikatoka kwenye kioo kwenda kumwambia. Nilikuwa na maneno kabisa mdomoni. Nilimkuta ameinama kwenye mashine.

"Namba zinasemaje?" akaniuliza bila kuinuka.

"Ziko sawa," nikasema.

Nikarudi kwenye kompyuta, nikafanya lile ambalo fundi alinikataza. Nilimwomba kaka anichapie karatasi ya vipande, akachapa kwa jicho lake, nikaipima kama ilivyo, nikatengeneza faili jipya. Tangu siku ile printa ilianza kuona kama yeye. Prufu zilitoka na njano yake, wateja wakasaini, mashine ikachapa njano ile ile, na hakuna aliyerudi kulalamika. Mtu hana kipima rangi nyumbani kwake. Anaamini alichosaini.

Nilifanya hivyo mara tatu ndani ya mwaka mmoja na kitu, kwa sababu kila baada ya miezi kadhaa printa na mashine ziliachana tena. Kila mara njano ilikuwa imepanda zaidi. Karatasi zile za vipimo nilizitia kwenye bahasha, nikaandika mwezi juu yake, nikaziweka chini ya meza. Ndivyo nilivyofundishwa, vipimo havitupwi.

Kulikuwa na mengine ambayo nayaona sasa. Alikuwa na dumu la maji la lita tano kando ya mashine, na likiisha alilijaza kabla ya adhuhuri. Alitoka nje mara kwa mara. Tulimtania kwamba ameoa chooni. Alikonda. Alikuwa ameachana na mkewe zamani na alikuwa akiishi nasi kwa mama, kijijini Zinga, na mama alipoona mashavu yake yanaingia ndani alizidisha mapishi. Kila Ijumaa alimpikia mkate wa kumimina. Asubuhi alimkorogea chai ya maziwa yenye sukari mpaka kijiko kinasimama, akamsimamia mpaka amalize. Kaka alikuwa akinywa kwa furaha. "Mama ananirudisha utotoni," alisema.

Pleti zilizokwisha kutumika ni bati jembamba lenye makali, na tunaziegemeza ukutani. Siku moja kona ya pleti ilimkata mguuni, chini ya kifundo. Alikuwa amevaa kandambili. Mimi ndiye niliyeona damu kwenye sakafu na kumwuliza ni ya nani. Alitazama chini akashangaa kuliko mimi. Hakuwa amesikia maumivu. Alikifunga kidonda na kile kitambaa cha kufutia wino, tukaendelea na kazi.

Kidonda hakikupona. Alikificha ndani ya soksi wiki mbili, mpaka harufu ikamsema. Zahanati walimtuma hospitali, na hospitali walipompima sukari, muuguzi alirudia kipimo akidhani kimekosea. Walimkata mguu. Wiki iliyofuata homa ilimpanda. Alikufa asubuhi, jua limeshatoka, mama akiwa amekwenda kuchota maji ya kumpangusia uso.

Kabla ya hapo daktari aliwahi kukaa nasi. Alieleza kwamba sukari ilikuwa mwilini muda mrefu, na kwamba mara nyingi inagusa macho mapema. Akauliza, "Hakuwa analalamika macho?"

Mama akajibu, "Hapana, baba. Macho yake yalikuwa mazima. Ndiyo kazi yake, macho."

Daktari akanitazama na mimi. Nikatazama vigae.

Tulimzika Zinga. Baada ya matanga watu walirudi makwao, na mama akaanza kusema lile neno. Alilisema akiwa peke yake na alilisema mbele ya watu. "Nilimlisha mwenyewe. Kwa mkono wangu, kijiko kwa kijiko." Aliacha kuweka sukari kwenye chai, yake na ya wageni. Kopo la sukari aliligawa kwa jirani pamoja na kifuniko chake. Mashangazi walimwambia asikufuru, ajali ni ya Mungu, na yeye aliitika, kisha baada ya muda mfupi akaanza tena pale alipoishia. Nilikuwa namsikia kila siku nikirudi kazini. Nilikuwa nabadilisha nguo, napika, nanyamaza.

Bosi aliniita ofisini, akasema Yasini za hitima ya kaka yangu zitachapwa pale pale, kwa heshima yake. Kwetu ni desturi. Siku ya arobaini watu wakija kumsomea marehemu, kila mmoja anapewa kitabu chembamba cha Yasini chenye jina la marehemu kwenye jalada. Nilichagua jalada la kijani kilichokolea, maandishi meupe. Nikatoa prufu.

Kwenye mashine alikuwa amekuja mtu mpya kutoka Chalinze, mpole, mwenye umri kama wangu. Huyu alikuwa kinyume cha kaka. Kila baada ya karatasi mia alikuja mlangoni kwangu: "Dada, naomba kile kidude." Alipima, akarekebisha skrubu, akakirudisha akiwa amekifuta. Kazi zake za kwanza zilikuwa za wino mweusi tupu, kwa hiyo Yasini ile ndiyo rangi yake ya kwanza kwetu. Alichapa majalada machache ya kujaribia, akaja na moja na prufu yangu mkononi.

"Dada, hii prufu umeitoa kwa faili gani?"

"La mashine yetu."

"La mashine hii hii?" Akazitandika mezani. Lake lilikuwa kijani. Langu lilikuwa kama jani linaloanza kukauka. "Hii prufu ina homa ya manjano. Mtu aliyekuwa hapa kabla yangu, nani alimpima macho? Alikuwa haioni njano kabisa huyu."

Alinitazama, kisha akatazama jina lililokuwa kwenye jalada, akakumbuka aliyosikia siku ya kuajiriwa.

"Ndiye kaka yako," akasema. "Nisamehe, dada. Wallahi sikufikiri."

"Umesema kweli," nikamwambia. "Nichapie karatasi ya vipande. Kwa kiwango."

Alichapa, nikailaza ikauke. Kesho yake, kabla ya kuipima, nilitoa zile bahasha chini ya meza, nikazipanga karatasi tatu kwa mwezi wake. Nilikuwa sijawahi kuzitazama kwa pamoja. Nilikuwa nazitazama moja moja, namba kwa namba. Zikiwa pamoja hazikuhitaji kipimo. Mtu yeyote angeona kutoka mlangoni jinsi kijivu, uwaridi na kijani vilivyokuwa vinaingia unjano, kidogo, zaidi, zaidi sana. Ugonjwa wa kaka yangu ulikuwa chini ya meza yangu mwaka mzima na zaidi, umeandikwa miezi kwa mwandiko wangu.

Nilifahamu kwamba nikishatengeneza faili jipya, kila kitu kitakuwa sawa. Yasini zitatoka kijani kizuri. Yule wa Chalinze hatasema kitu, ana haya. Na mama ataendelea kuhesabu vijiko vyake mpaka naye afe. Sikuipima ile karatasi. Nilimwomba bosi ruhusa, nikabeba bahasha nikaenda nyumbani.

Mama alikuwa ukumbini, juu ya mkeka, anachagua mchele wa hitima kwenye ungo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umerudi mapema. Unaumwa?"

"Siumwi." Nikakaa, nikazitandaza karatasi mbele yake. "Hizi ni za kaka. Alizichapa yeye."

Alifuta mikono kwenye kanga kabla ya kuzigusa. "Ni nini? Mbona vidirisha vingi?"

"Ni za kupimia rangi. Itazame ya kwanza. Halafu hii. Halafu hii."

Macho ya mama si mazuri, lakini alisogea kwenye mwanga wa mlango na hakuchukua muda. "Hii imekuwa manjano," akasema. "Imemwagikiwa?"

"Haikumwagikiwa. Alikuwa haioni njano, akawa anaongeza. Daktari alituuliza kuhusu macho, mama. Ulipomjibu mimi nilinyamaza. Nilikuwa najua haoni tangu hii ya kwanza."

"Ulijua ni sukari?"

"Sikujua ni sukari. Nilijua haoni."

"Ukamwambia nani?"

"Hakuna."

"Hata yeye mwenyewe?"

"Hata yeye. Nilibadilisha printa ifanane naye ili watu wasione."

"Kwa nini?"

"Angefukuzwa."

Hilo ni kweli, ila si lote. Nilimwogopa pia. Niliogopa uso atakaokuwa nao mdogo wake akimwambia jicho lake limekwisha. Na kuna jambo la tatu ambalo sikumwambia mama, naliandika hapa. Maisha yangu yote kaka ndiye aliyenibeba. Mwaka ule mmoja mimi ndiye niliyemshika asianguke, naye hajui, na nilikuwa naona fahari. Nilikaa mle kwenye kioo nikajiona mtu.

Mama hakulia. Alizitazama tena zile karatasi, akapitisha kidole kwenye safu ya kijani, ya kwanza mpaka ya tatu. Nilingoja anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo njia nzima.

"Basi tulikuwa wawili," akasema.

Akauvuta ungo, akaugeuza kidogo upande wangu. "Chagua huko. Kuna mawe mengi, huyu muuzaji si mtu."

Tukachagua mchele mpaka Magharibi. Nilipotaka kuzirudisha karatasi kwenye bahasha alisema niziache, na sijui alipoziweka.

Siku iliyofuata nilimweleza bosi nilivyofanya, kuanzia ratiba za futari. Alinisikiliza akiwa amesimama. Aliuliza ni wateja wangapi, nikasema wote wa mwaka ule. Akasema, "Kamalize prufu." Mpaka leo hajalitaja tena, na mpaka leo sijui kama amenisamehe au hakupata mwingine. Niliingia kwenye kioo, nikaipima karatasi ya mtu wa Chalinze, nikatengeneza faili jipya, na yale matatu ya kaka nikayafuta. Ilikuwa kazi ya dakika chache.

Siku ya hitima wanaume walikaa nje kwenye majamvi, sisi wanawake ndani. Nilikuwa nagawa Yasini. Mama nilimpa mwisho. Hakuifungua. Aliishika mbali na uso, akaielekeza mlangoni kwenye jua, akasugua jalada kwa dole gumba kama anayetaka kujua kama rangi inatoka. Tangu siku ya mchele tulikuwa tumesemezana ya jikoni tu.

"Hiki ndicho kijani chenyewe?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Ndicho chenyewe."

"Yeye angekionaje?"

Nikafikiri, maana sikutaka kumjibu uongo. "Angeona kinaelekea bluu. Angeongeza njano."

Mama akatikisa kichwa, akafungua kitabu. Nje walikuwa wameshaanza kusoma.